Mama Mkwe Kiti cha Nyuma

SEHEMU YA SITA

"Breki!"

Hapo ndipo tulipomwacha kinyozi wetu wiki iliyopita: ameshika usukani wa baiskeli ya viti viwili, mvua inampiga makofi usoni, njia imegeuka utelezi mtupu, na chini ya mteremko mto umefura, umekunja uso, unamsubiri yeye. Kiti cha nyuma amekaa mama mkwe.

"Breki, we mtoto! Breki!"

"Nimezishika, mama! Zimelowa! Hazikamati!"

Kwa aliyeingia leo, habari ni fupi. Kinyozi alimwahidi mkewe likizo ya baiskeli kandokando ya mto, kutoka milimani unakoanzia mpaka unakomwagikia baharini, wao wawili tu, kama wachumba. Mama mkwe akasikia. Mama mkwe akasema naye yumo. Siku ya kuondoka akatokea na baiskeli yake ya kukodi na kofia ngumu kichwani, hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Juzi gurudumu la mama likapinda. Jana goti la mke likavimba. Leo asubuhi mke, mizigo na baiskeli ya mama vikapanda basi kwenda nyumba ya wageni iliyo ng'ambo ya mto. Ikabaki baiskeli ya viti viwili na watu wawili wa kuipanda, na watu wenyewe ndio hao.

Tena huyu si mama mkwe wa kawaida. Kabla ya kustaafu alikuwa mtahini wa madereva. Mji mzima unamwita Bi Breki. Wanaume wenye ndevu zao walikuwa wakishuka ndani ya gari la mtihani wakilia kamasi.

Kinyozi akafumba macho. Usimlaumu. Ungekuwa wewe ungefumba na mdomo.

Ghafla mikono miwili ikamkamata kiunoni.

Moyo ukamruka kuliko ulivyoruka alipouona mto. Tangu aoe, hakuwahi kumsogelea mwanamke yule zaidi ya upana wa meza ya chakula. Akimsalimia, anainama. Akimpokea mkoba, anaupokea kwa mikono miwili, macho chini. Leo amekumbatiwa kama gunia linaloshushwa kwenye lori!

"Weka miguu chini!"

"Mama?"

"Miguu! Chini! Sasa!"

Miguu minne ikashuka kwa pamoja. Matope yakaruka mpaka kwenye kofia. Baiskeli ikasota, ikayumba, ikalia kama mbuzi, ikasimama. Gurudumu la mbele lilikuwa ndani ya maji. Kinyozi mwenyewe alikuwa nchi kavu, kama matope yale unaweza kuyaita nchi kavu.

Mvua tu.

Kwa woga, kinyozi akajikuta anasema, "Shikamoo."

"Marahaba," akajibu Bi Breki, akimwachia kiuno. "Umefeli. Shuka."

* * *

Pale chini palikuwa na kivuko, kile cha kuvutwa kwa waya mnene kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kilikuwa kimefungwa. Mwendesha kivuko alikuwa amejikunyata kibandani mwake, birika likiimba juu ya jiko la mkaa.

"Hatuvuki," akasema kabla hajaulizwa. "Mto una hasira. Ingieni mpate chai."

"Hasira zake zitaisha lini?" akauliza Bi Breki.

"Zikiisha."

"Kijana, mimi saa nane nina miadi ng'ambo."

"Basi mwambie mto, mama. Mimi naendesha kivuko tu."

Kinyozi akajibana kwenye kona ya benchi, chini ya majaketi ya kuokolea yaliyotundikwa. Mama mkwe alikuwa anatetemeka. Mikono yake, iliyowahi kuchana karatasi za mtihani za madereva wa malori, ilishindwa kushika kikombe.

Akakumbuka maneno ya mkewe asubuhi, mguu mmoja ukiwa kwenye ngazi ya basi.

"Mume wangu, mama anaumwa," mkewe alimnong'oneza, macho yamejaa machozi. "Anajificha kuongea na simu. Nimemsikia kwa masikio yangu, anasema, 'Mwanangu hajui, nitamwambia tukifika huko.' Nani huyo kama si daktari? Baba naye alificha hivyo hivyo mpaka tukamzika. Mchunguze. Ukinirudia bila jibu, usinirudie."

Haya sasa. Kazi aliyopewa ndiyo hiyo: kumhoji mtu aliyekuwa akihoji watu kwa mshahara.

"Mama," akaanza. "Unajisikiaje?"

"Nimelowa."

"Mbali na kulowa?"

"Nina baridi."

"Na ndani ya mwili, kwa mfano, upande wa..."

"Una mkasi?"

Kinyozi akapepesa macho. "Mkasi?"

"Wewe si kinyozi? Mkasi unao?"

"Ninao, mama. Nikienda popote siuachi."

Bi Breki akavua kofia ngumu. Nywele zilikuwa zimelala upande mmoja kama nyasi zilizopitiwa na mafuriko. "Basi nitengeneze kichwa."

"Mama, mimi... kichwa chako wewe?"

"Vichwa vya mji mzima umevishika. Changu kina miiba?"

"Hapana, mama, lakini mimi ni mkwe wako, na heshima..."

"Heshima ilibaki kule kwenye mteremko. Kata."

Kinyozi akamtazama mwendesha kivuko apate msaada. Mwendesha kivuko akatazama birika.

"Lakini kwa nini leo, mama? Kwenye mvua hii?"

Bi Breki akautazama mto. Kisha sauti yake ikashuka, ikawa sauti ambayo kinyozi hajawahi kuisikia kwake.

"Kuna mtu ananisubiri ng'ambo."

"Daktari," kinyozi akasema kwa huruma.

"Daktari wa nini? Mchumba."

Chai ikampitia kinyozi puani. Akakohoa, akapiga chafya, akashika ukuta. Mwendesha kivuko, aliyekuwa akichochea mkaa, akaacha kuchochea.

"Mchumba... wako wewe?"

"Hapana, wa birika. Wa nani mwingine?" Bi Breki akavuta pumzi. "Sikiliza, mkwe wangu. Watu wameniogopa maisha yangu yote. Hata marehemu aliniogopa kidogo, Mungu amrehemu. Huyu haniogopi. Nikimfokea anacheka. Tulikubaliana tukutane huku, mbali na midomo ya watu, tupange mambo yetu. Nikasikia nanyi mnapita njia hii hii."

"Kwa hiyo likizo yetu..."

"Ilikuwa inaelekea upande wangu."

Kinyozi akalihesabia hasara fungate lake la pili. "Kwa nini usimwambie mwanao?"

"Bado ana baba yake moyoni. Nataka nimwambie nikiwa nimemshika mtu huyo mkono, anione uso wangu, aone kwamba sijamsahau mtu. Si kwa simu. Si kwa kusikia kwa wengine. Apa kwamba hutamwambia."

"Mama, mimi mke wangu simfichi..."

"Apa!"

"Naapa."

"Haya, kata."

"Huyo mtu, ninamjua?"

"Mnafahamiana. Kata, mvua inapungua."

Kinyozi akatoa kitana na mkasi kwenye mfuko wa plastiki, akasimama nyuma ya mama mkwe, akagusa kichwa kile kama mtu anayegusa pasi kuona kama imepoa. Haikuunguza. Nywele zilikuwa laini, nyeupe chini, nyeusi za dawa juu. Akaanza kukata. Na kama wateja wote, baada ya muda mabega yakashuka, macho yakafumba, na yule mtahini wa madereva akawa bibi mmoja tu aliyechoka, anayetaka kupendeza.

"Usinikate sana pembeni," akasema polepole. "Nina masikio makubwa."

"Hayaonekani, mama."

"Mwongo. Lakini asante."

Simu ikalia. Mkewe!

Bi Breki akafumbua jicho moja. "Umeapa."

Kinyozi akaipokea kwa vidole viwili.

"Umemuuliza?" mkewe akasema bila salamu.

"Ndiyo, mvua huku ni kubwa."

"Yupo hapo?"

"Tena karibu. Kichwa chake nimekishika."

"Umeshika kichwa chake! Ana homa?"

"Hapana, homa hana."

"Usinifiche! Kuna kitu au hakuna?"

Kinyozi akamwangalia mama mkwe. Mama mkwe akamwangalia kinyozi. Kuna uongo ambao mdomo wake ulikataa kuusema.

"Kipo," akasema.

"Mungu wangu! Ni figo? Ni ini? Ni moyo?"

Hapo, ndugu msomaji, kinyozi aliona upenyo: kusema kweli bila kuvunja kiapo. Akajiona mjanja kuliko sungura.

"Ni moyo," akasema.

Ukasikika ukelele mmoja, halafu maneno mawili, "Nakuja kivukoni!", halafu simu ikakatika.

"Amesemaje?" akauliza Bi Breki.

"Anakusalimia," akasema kinyozi, na jasho jembamba likamtoka kwenye baridi ile.

* * *

Mvua ikalegea. Mwendesha kivuko akatoka, akautazama mto, akatupa kijiti majini akakitazama kinavyokwenda.

"Twendeni," akasema. "Mapenzi ni kikohozi, mkikaa hapa mtaniambukiza."

Wakavuka. Waya ulilia, kivuko kikayumba, baiskeli ikafungwa kwenye mlingoti kama mbwa mkali. Bi Breki alisimama mbele kabisa bila kushika kitu, nywele zake mpya zimekaa sawasawa. Kinyozi alishika kila kinachoshikika.

Ng'ambo kulikuwa na banda la abiria lenye paa la bati. Ndani, mtu mmoja tu, mzee mwenye koti la mvua la manjano. Amewapa mgongo. Anatazama saa mkononi, anaitikisa, anaiweka sikioni.

"Ndiye huyo," akasema Bi Breki, akipapasa nywele zake.

Kinyozi alikuwa anakitazama kile kisogo.

Watu wengine wanajuana kwa sura. Kinyozi anawajua watu kwa visogo. Na kisogo kile, chenye baka jeusi chini ya sikio la kushoto na ule mkunjo shingoni ambao wembe lazima uuzunguke, alikinyoa yeye mwenyewe siku chache kabla ya safari.

"Baba!"

Mzee akageuka kama ametekenywa.

Fundi saa mstaafu, baba mzazi wa kinyozi, yule ambaye asubuhi ile ile alimwambia mwanawe kwa simu, "Mgongo, mwanangu, mgongo! Nimelala hapa chali, hata kugeuka siwezi!"

"Umegeuka vizuri sana, baba," akasema kinyozi.

"Ah, mwanangu. Ni... hali ya hewa ya huku inasaidia mgongo."

"Mvua?"

"Unyevu."

Kinyozi akamgeukia mama mkwe. "Ulijua ni baba yangu!"

"Nilikwambia mnafahamiana."

"Kufahamiana! Huyu kanizaa!"

"Sikusema uongo hapo," akasema Bi Breki. Kisha, kwa mara ya kwanza katika historia yake, akainamisha kichwa.

Mwendesha kivuko alikuwa amesahau kufunga kamba. Alikaa juu ya sanduku, viwiko magotini, kama mtu aliyelipia kiti.

"Ilianzaje?" kinyozi akauliza.

"Saa," akasema baba yake. "Baada ya harusi yenu aliniletea saa yake, imesimama. Nikaitengeneza. Mwezi haukuisha, ikasimama. Nikaitengeneza. Ikasimama tena. Mimi nina maisha yangu yote kwenye saa, mwanangu, sijawahi kuona saa inayosimama kila Jumamosi."

"Vyuma vya siku hizi," akasema Bi Breki akitazama pembeni.

"Alikuwa anaisimamisha kwa pini ya nywele."

"Na wewe ulijua, ukawa unaipokea!" akaruka Bi Breki.

"Si ningefanyaje? Ungeenda kwa fundi mwingine."

Wakatazamana, wakasahau kwamba kuna mtu katikati yao. Kinyozi akahisi joto la hasira linampanda kifuani. Marehemu mama yake alikuwa na kiti chake katika nyumba ile, na kikombe chake, na ndoano yake ya koti nyuma ya mlango.

"Na mama?" akauliza. Aliuliza kwa ukali, lakini neno lilitoka dogo.

Mzee akasogea ukingoni mwa paa, kichwa wazi. Mvua ikapata nafasi.

"Nyumba ina saa kila ukuta, mwanangu," akasema. "Zote zinagonga. Zikimaliza kugonga, hakuna wa kumwambia, 'Haya, mchana huu, njoo tule.' Mama yako hakuondoka kwenye ile nyumba. Mimi ndiye niliyeondoka, nikabaki nimekaa pale pale."

Kinyozi alikuwa amejiandaa kwa uongo mwingine wa mgongo. Hili hakujiandaa nalo.

Akavuta koti la baba yake, akamfunika kichwa vizuri.

"Utapata mafua," akasema.

Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa, na mzee aliielewa.

"Lakini subirini kwanza," kinyozi akashtuka. "Mama mkwe akiolewa na baba, atakuwa mama yangu. Mke wangu ni binti yake. Kwa hiyo mke wangu atakuwa..."

"Dada yako," mwendesha kivuko akamsaidia. "Na wewe utakuwa shemeji wa nafsi yako."

"Wewe nani amekuuliza?" akafoka Bi Breki.

"Nawavusha tu, mama. Sasa mmeshuka, mmechanganyikana."

Mara honi ikapasua mvua. Gari dogo la mizigo la nyumba ya wageni likaja mbio, likasimama kwa kuteleza mpaka Bi Breki akakunja uso kwa mazoea. Mlango ukafunguka, na mke wa kinyozi akatoka akiruka kwa mguu mmoja.

"Mama! Usisimame! Kaa chini! Usiongee! Pumua kidogo kidogo!"

"Nipumue kidogo kwa nini?"

"Moyo, mama! Najua kila kitu! Mume wangu kaniambia ni moyo!"

Bi Breki akageuza shingo polepole kumwelekea kinyozi. Madereva waliofeli wanaijua shingo ile.

"Sikuvunja kiapo," kinyozi akasema haraka. "Kauliza kama ni moyo. Si ni moyo?"

Mkewe alikuwa ameshamkumbatia mama yake, analia begani. "Baba alificha mpaka mwisho, mama. Nawe usinifanyie hivyo. Nilikuwa nakuzika njia nzima kwenye basi."

Mikono ya Bi Breki ikabaki hewani, haijui iende wapi. Kisha ikamshika binti kichwa, kama kichwa cha mtoto.

"Siumwi, mwanangu," akasema. "Naolewa."

Kilio kikakatika. "Unaolewa?"

"Naolewa."

"Na nani?"

Pale pembeni, fundi saa akanyoosha mkono juu, kama mwanafunzi asiye na uhakika wa jibu.

Mkewe akamtazama. Akamtazama mama yake. Akamtazama mumewe, mwendesha kivuko, baiskeli. Midomo ikaanza kumtetemeka. Kinyozi akajiandaa kwa radi.

Ikatoka kicheko. Kicheko cha kujishika goti, cha kuishiwa pumzi, kilichochanganyika na machozi mpaka hakijulikani kimeanzia wapi.

"Olewa, mama!" akasema. "Kama huumwi, olewa! Olewa hata na huyu!"

"Nashukuru, mwanangu," akasema mzee. "Hiyo 'hata' nitaizoea."

Basi kila mtu akapumua. Bi Breki akamwendea mzee, akampa mkono, na mzee akaushika kama anavyoshika kitu kinachofanya kazi vizuri. Kinyozi akamshika mkewe kiuno, akawaza kwamba mvua hii, pamoja na ubaya wake wote, imeleta neema.

Laiti wangeishia hapo.

"Ngoja kwanza," mkewe akasema, akifuta macho. Kicheko kilikuwa kinamtoka usoni kidogo kidogo. "Baba, wewe umekuja huku kwa ajili ya mama?"

"Kwa ajili yake tu."

"Basi yule mwingine ni nani?"

"Yupi mwingine?"

"Shangazi kafika nyumba ya wageni asubuhi, anakutafuta. Anasema alikwenda nyumbani kwako akakuta kitanda kitupu. Nimekuja naye. Na hakuja peke yake."

Rangi ikamtoka mzee. Kinyozi akamwona akipima kwa macho umbali wa kutoka bandani hadi kivukoni, na mgongo wake haukuonekana kuwa na tatizo lolote.

Mlango wa nyuma wa gari ukafunguka. Akashuka shangazi, dada mkubwa wa fundi saa, mfupi, mnene, fimbo mkononi. Nyuma yake ukatangulia mwavuli mwekundu, ukafunguka taratibu, na chini ya mwavuli kikatokea kiatu kirefu, kisha gauni la hariri lisilo na tone la tope, kisha mwanamke mwenye tabasamu la mtu aliyefika kwake.

"Mdogo wangu," shangazi akapaza sauti, "unakimbia mpaka ulipoishia waya wa kivuko? Mahari ulikubali mwenyewe, mbele yangu, kwa mdomo wako. Mchumba wako huyu hapa. Amechoka kusubiri."

Hata mwendesha kivuko alisimama.

Bi Breki akauachia mkono wa fundi saa. Akavua hereni ya kulia. Akavua ya kushoto. Akavua koti la mvua, akalikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaweka hereni juu yake.

"Mkwe wangu," akasema kwa upole wa kutisha, bila kuuondolea macho ule mwavuli mwekundu. "Nishikie."